Jinsi ya kulinganisha Biblia za Kiingereza za zamani na za kisasa ukajua tofauti imetoka wapi

Wapendwa, kama upo kwenye grupu lolote la WhatsApp la kanisa basi ule ujumbe ushakufikia, ule unaosema fungua NIV yako (ile Biblia ya Kiingereza cha kisasa) sasa hivi tafuta Mathayo 17:21 hutaiona, wameitoa, wanapunguza neno la Mungu kidogo kidogo. Na ukifungua kweli huioni, namba inatoka 20 inaruka mpaka 22, watu wanaogopa, wengine wanafuta apu kabisa kwenye simu. Mi nafundisha darasa la Biblia la vijana na hili swali haliishi, kwa hiyo nimeona niandike namna ya kukaa chini na Biblia ya zamani na ya kisasa ukazilinganisha mwenyewe, bila kusubiri mtu akutumie skrinishoti ya kukutisha. Sio kazi ya maprofesa peke yao. Ukiwa na Kiingereza cha kusomea na Kiswahili chako unaweza, na kuna mahali Kiswahili kinakusaidia kuliko hata Kiingereza chenyewe, ntakuonyesha.

Kwanza shika hiki kitu maana ndo kila kitu: tofauti yoyote unayoiona kati ya Biblia ya zamani na ya sasa ina chanzo kimoja kati ya vitatu. Ama Kiingereza kimebadilika, ama nakala za Kigiriki au Kiebrania walizotafsiria sio zile zile, ama watafsiri wameangalia neno lile lile wakaamua tofauti. Lugha, nakala, uamuzi. Mtu akikwambia "hizi zinatofautiana" bila kukwambia ni kwa sababu gani kati ya hizo tatu, bado hajakwambia kitu, na kazi yako yote ya kulinganisha ni kuuliza hilo swali kila unapogonga tofauti.

Sasa kuchagua. Usichukue matoleo kumi, utachoka. Chukua manne tu lakini yawe ya koo tofauti. La zamani ni King James, KJV, ya 1611, hilo halina mjadala. La pili chukua linalofuata maneno kwa ukaribu kwa Kiingereza cha sasa, ESV au NASB. La tatu NIV ambayo ipo katikati. La nne linalotoa maana kwa lugha nyepesi kabisa, NLT au Good News. The Message mi nasoma na naipenda lakini kwenye kulinganisha neno kwa neno iweke pembeni, mtu mmoja, Eugene Peterson, ameiandika kwa namna ya mazungumzo na haikukusudiwa upimie neno moja moja.

Nimesema koo tofauti kwa sababu Biblia za Kiingereza zina ukoo na watu wengi hawajui. KJV ilirekebishwa Uingereza ikatoka Revised Version, Agano Jipya 1881 na la Kale 1885, Wamarekani wakatoa yao ya kwao ASV 1901, hiyo ikazaa RSV iliyokamilika 1952, na RSV ikazaa NRSV 1989 na pia ESV 2001. Kwa hiyo ukisema "nimeangalia RSV, NRSV na ESV zote zinakubaliana" ni sawa na kuita mashahidi watatu waliolelewa nyumba moja. NIV ilianza upya moja kwa moja kutoka lugha za asili, ikakamilika 1978, ndo maana naipa kiti chake. Na hata KJV yenyewe haikuanza hewani, William Tyndale alichapisha Agano Jipya la Kiingereza kutoka Kigiriki 1526, akauawa 1536 karibu na Brussels, na sehemu kubwa ya maneno yake yamo ndani ya KJV mpaka leo. Yule mtu alilipa gharama, tusisahau.

Kabla hujasoma mstari wowote angalia mwaka wa toleo. Watu wengi hii wanairuka alafu wanabishana bure. NIV ya 1984 na NIV ya 2011 zina jina moja lakini sio kitu kimoja. Kwenye Warumi 8 ile ya 1984 iliandika "sinful nature" pale ambapo Kigiriki kina neno la mwili, ile ya 2011 ikarudi "flesh". Sasa mzee ana kitabu cha zamani, kijana ana apu, wote wanasema NIV inasema hivi, na wote wako sawa! NASB nayo ina ya 1995 na ya 2020. Hata KJV unayoishika leo kwa kawaida inafuata marekebisho ya tahajia na vituo yaliyofanyika Oxford mwaka 1769, ile ya 1611 ukiiona picha yake utapata shida hata kuisoma, na tena ilikuwa na vitabu vya Apokrifa ndani, vile ambavyo Waprotestanti wengi hawavihesabu kwenye Biblia, kati ya Agano la Kale na Jipya.

Chukua karatasi au daftari, chora safu, weka matoleo yako manne pembeni kwa pembeni na safu ya tano weka Kiswahili, Union Version ya 1952. Kama una bando nenda Bible Gateway inakuwezesha kufungua matoleo kadhaa kwenye skrini moja, au YouVersion ukigusa mstari kuna sehemu ya kulinganisha, ukipata wifi pakua kabisa yale yanayopakulika usome bila data. Ila mi bado nashauri uandike kwa mkono, ukiandika jicho linaona vitu ambavyo likiteleza kwenye simu halivioni. Na chukua kipande kizima, aya mbili tatu, sio mstari mmoja, mana mstari mmoja ukiutoa peke yake unaweza kuulazimisha useme chochote unachotaka. Pigia mstari kila tofauti alafu pembeni andika L ya lugha, N ya nakala au U ya uamuzi.

Tuanze na L mana ndo inayodanganya watu kimya kimya. Zaburi 23, KJV inasema "I shall not want". Mwanafunzi wa sekondari anasoma anaelewa "sitataka", anajiuliza simtaki nani, mchungaji? Zamani "want" ilikuwa ni kupungukiwa, NIV inasema "I lack nothing", na angalia Union Version, "sitapungukiwa na kitu". Hapo hakuna aliyebadilisha Biblia, Kiingereza ndo kimehama. 1 Wathesalonike 4:15 KJV ina "shall not prevent them which are asleep", leo "prevent" ni kuzuia lakini wakati ule ilikuwa kutangulia, na Kiswahili chetu kinasema hivyo hivyo, hatutawatangulia. 2 Wathesalonike 2:7 ni kinyume kabisa, "he who now letteth will let", leo "let" ni kuruhusu lakini pale ni kuzuia! Ukihubiri hapo bila kulinganisha unageuza maana nzima juu chini.

Na hii ya 2 Timotheo 2:15 naisema kwa upendo kabisa, "Study to shew thyself approved unto God", ule mstari unabandikwa ukutani kila msimu wa mitihani. Neno la Kigiriki pale halihusu kusoma vitabu, ni kufanya bidii, ndo maana ESV inasema "Do your best" na Union Version inasema "Jitahidi". Kusoma ni kuzuri, soma tu, lakini mtume Paulo pale anamwambia Timotheo awe mtenda kazi asiye na sababu ya kutahayari.

Lakini usifikiri KJV inashindwa kila mahali kwenye lugha, kuna sehemu inawashinda wote wa kisasa na watu hawajui kwa nini. Zile "thee" na "thou" watu wanadhani ni heshima ya kumwongelesha Mungu, hapana, ni mtu mmoja. "Ye" na "you" ni watu wengi. Kiingereza cha leo kimepoteza hiyo, "you" ni mmoja na "you" ni kundi. Soma Luka 22:31-32, Yesu anaongea na Simoni, KJV inasema Shetani "hath desired to have you" alafu "I have prayed for thee". Msomaji wa Kiingereza cha kisasa anaweza kuona kote ni Petro tu. Fungua Kiswahili sasa: "amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe". Unaona! Shetani aliwataka wanafunzi wote, Yesu akamwombea Petro ili aje awaimarishe ndugu zake. ESV imelazimika kuweka maelezo chini ya ukurasa kueleza kitu ambacho bibi yako kijijini anakisoma wazi kwenye Union Version. NIV ya 2011 imejaribu kuokoa kwa kuandika "all of you". Yohana 3:7 ni vile vile, Yesu anamwambia Nikodemo "said unto thee, Ye must be born again", yaani nimekwambia wewe, lakini ni ninyi nyote mnaopaswa kuzaliwa, na Kiswahili kinasema "Hamna budi". Kwa hiyo kila ukikutana na "you" kwenye Biblia ya kisasa na huna uhakika ni ya nani, kimbilia KJV na Kiswahili, vitakujibu sekunde hiyo hiyo.

Sasa N, nakala, ndo penye vita vya WhatsApp. Watafsiri wa KJV, walikuwa 47 hivi, walikaa kwenye makundi sita huko Westminster, Oxford na Cambridge, na kwa Agano Jipya walitumia maandishi ya Kigiriki yaliyochapishwa kufuata kazi ya msomi Erasmus ya 1516. Erasmus alikuwa na nakala chache sana za mkono mezani kwake Basel na nyingi hazikuwa za zamani sana. Baada yake zikapatikana nyingine nyingi, Codex Sinaiticus (codex ni kitabu cha kuandikwa kwa mkono) ya karne ya 4 ilikuja kujulikana karne ya 19 kutoka monasteri ya Mtakatifu Katerina pale Sinai, Codex Vaticanus nayo ya karne ya 4 ikaanza kutumika vizuri, na leo nakala za Kigiriki zilizoorodheshwa ni zaidi ya 5,000. Matoleo mengi ya kisasa yanapima hizo zote na yanazipa uzito zile za kale.

Rudi kwenye Mathayo 17:21, ule mstari wa kusali na kufunga. Haumo katika Sinaiticus wala Vaticanus, na wasomi wengi wanaona mwandishi fulani wa kunakili aliuleta pale kutoka Marko 9:29 ambako kisa ni kile kile. Namba inaruka kwa sababu namba za mistari za Agano Jipya ziliwekwa 1551 na Robert Estienne kwenye chapa yake ya Kigiriki iliyokuwa na huo mstari, kwa hiyo ukihamishiwa chini ya ukurasa namba yake inabaki wazi. Na haujafichwa, angalia chini kwenye NIV, imeandikwa kwamba nakala nyingine zina hapo maneno yanayofanana na Marko 9:29. Sasa fungua Union Version yako uliyozaliwa ukaikuta nyumbani, Mathayo 17:21 imewekwa ndani ya mabano ya mraba! Mabano yale sio urembo, yanasema kitu kile kile, tangu 1952, na hakuna aliyetuma ujumbe wa kuogopesha. Na kufunga hakujaondoka, Mathayo 6:16 ipo kote, Matendo 13:2-3 ipo kote.

Mfano mwingine naupenda sana mana unahusu ule mstari ambao watu wanautumia kutishia wengine, Ufunuo 22:19, atakayeondoa neno Mungu atamwondolea sehemu yake. KJV inasema "the book of life", za kisasa zinasema "the tree of life". Ilikuwaje? Nakala moja ya Ufunuo aliyokuwa nayo Erasmus ilikosa ukurasa wa mwisho, akachukua Kilatini akakirudisha kwenye Kigiriki kwa ile mistari ya mwisho, na Kilatini kilikuwa na kitabu badala ya mti. Union Version inasema mti wa uzima. Kwa hiyo pale za kisasa hazikuondoa, zimerudisha.

Na wimbo wa malaika wa Krismasi, Luka 2:14, KJV "good will toward men", ESV "among those with whom he is pleased", Kiswahili "kwa watu aliowaridhia". Tofauti yote hiyo ni herufi moja ya Kigiriki mwisho wa neno. Moja tu.

Tena sio kweli kwamba za kisasa zinapunguza tu. NRSV mwisho wa 1 Samweli 10 imeongeza aya nzima kuhusu Nahashi mfalme wa Waamoni alivyokuwa anang'oa watu macho ya kulia, imetoka kwenye magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana 1947, KJV haina aya hiyo kwa sababu 1611 hakuna aliyejua yapo. Ukiona hivyo utaelewa kwamba hawa watu wanafuata ushahidi unakokwenda, iwe kupunguza iwe kuongeza. Kuna wasomi wanaotetea zile nakala nyingi za baadaye na wana hoja zao, usiwadharau, na kama unataka kuona pande zote kwa pamoja tafuta NKJV ya 1982, hiyo inabaki na maandishi ya KJV lakini chini inakuonyesha nakala nyingine zinasemaje, NU ni yale maandishi wanayotumia wasomi wengi wa leo na M ni yale ya nakala zilizo nyingi.

U, uamuzi wa mtafsiri. Hapa nakala ni ile ile, neno ni lile lile, watu wameamua tofauti. 1 Wakorintho 13, KJV "charity", za sasa "love", lakini usiseme tu ni zamani na sasa, mana Tyndale 1526 aliandika "love" miaka 85 kabla! Na mfalme James aliweka masharti, moja likiwa maneno ya kanisa yaliyozoeleka yabaki, "church" isiwe "congregation" kama alivyoandika Tyndale. Kwa hiyo hata za zamani zina maamuzi ya watu na ya wakubwa ndani yake. Isaya 7:14 RSV iliandika "young woman" badala ya bikira na mwaka 1952 huko North Carolina mchungaji mmoja aliuchoma moto ukurasa huo, ESV ikarudisha "virgin". Wote wanaangalia neno moja la Kiebrania. Alafu lile la ndugu, NIV 2011 inaandika "brothers and sisters", ESV inaandika "brothers" na kuweka maelezo chini, Waingereza na Wamarekani wamegombana miaka kwa hili, sisi tunasema "ndugu" inaisha, dada yumo kaka yumo.

Utajuaje ni N au U kama hujui Kigiriki? Soma vile vimaandishi vidogo chini, ndo hazina yenyewe na watu hawavisomi. Ukiona "Some manuscripts" au "Some early manuscripts", hiyo ni N. Ukiona "Or" ikifuatiwa na maneno mengine, hiyo ni U, wanakwambia ingeweza kutafsiriwa hivi pia. Ukiona "Greek" au "Hebrew" wanakupa neno lilivyo kabla hawajalirahisisha. Kwenye apu nyingi haya yamefichwa nyuma ya kialama kidogo, kiguse. Kama hakuna maelezo yoyote na tofauti ipo, mara nyingi ni L, au ni mtindo tu. Na kwenye KJV ya kitabu maneno yaliyolala (italiki) ni yale ambayo watafsiri wameongeza ili sentensi isimame, kwenye asili hayapo, apu nyingine zinayanyoosha yote usijue, kwa hiyo hakikisha.

Kitu kingine, soma utangulizi wa kila toleo, kurasa chache tu. Wenyewe wanakwambia wametumia nakala gani na wanafuata neno au maana. Ule wa KJV mara nyingi hauchapwi siku hizi lakini upo mtandaoni, na wanasema wazi kwamba kuwa na tafsiri mbalimbali kunafaa katika kutafuta maana ya Maandiko, na toleo la 1611 lenyewe lilikuwa na maneno mbadala pembeni mwa ukurasa. Kwa hiyo wewe unayelinganisha unafanya kitu walichokitaka wenyewe waliotupa KJV, mtu akikwambia ni ukosefu wa imani mwonyeshe huo utangulizi.

Zoezi la kuanzia nakupa Warumi 8:1-11, mana mna aina zote tatu. Mstari wa 1 kwenye KJV ni mrefu, una maneno ya kutokwenda kwa kufuata mwili, kwenye ESV na NIV unaishia kwa Kristo Yesu, angalia chini, alafu angalia mstari wa 4 uone maneno hayo yapo wapi. Mstari wa 3 mpaka wa 9 fuatilia "flesh" kwenye matoleo yako yote na kama unaweza kuazima NIV ya 1984 kwa mtu iweke pembeni ya 2011. Mstari wa 11 KJV ina "quicken", usiitafsiri kama kuharakisha, linganisha na NIV kisha malizia na Union Version pale iliposema "ataihuisha". Fanyeni wawili wawili, mmoja anasoma KJV kwa sauti mwingine anafuatilia ya kisasa, akigonga tofauti anasimamisha, mnaandika L, N au U, mnaendelea.